Kuzunguka Tanzania kwa pikipiki ya kukodi: mambo ya kujua kabla hujatia sahihi



Wiki iliyopita dadangu alinipigia simu kutoka Mombasa baada ya swala ya Isha. Salamu hakuziweka sana. Aliniuliza, "Kakangu, ni kweli huyu mtoto amekwambia anataka kwenda Tanzania akakodi pikipiki?" Nikamwambia ni kweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bangili yangu ilishakwenda kwa mguu wako. Sasa wataka na mwanangu aende?"

Habari ya bangili nitaieleza nikifika mahali pake. Huyo mtoto ni mpwa wangu, ana miaka 22, na naishi naye hapa Gatuanyaga, nje kidogo ya mji wa Thika, tangu alipokuja kusomea ufundi. Amejifunza pikipiki kwa macho yangu. Sasa amemaliza masomo, ana akiba kidogo, na anataka kuiona Tanzania kabla hajaanza kazi. Swali lake si la peke yake. Vijana huniuliza tukitoka swala ya Ijumaa mjini Thika, na wengine huniandikia kutoka Likoni na Kisauni. Nimeona niandike mara moja, kila mtu asome.

Mimi nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza sikumaliza, kwani nilivunjika mguu siku ya tatu. Mara ya pili nilizunguka kilomita elfu mbili hivi na nikairudisha pikipiki ya watu bila mkwaruzo, alhamdulillahi. Ninayoyasema hapa yametoka katika safari zote mbili.

Kwa nini kukodi

Mwenye pikipiki yake Kenya anaweza kuvuka nayo. Atahitaji kibali cha muda cha kuingiza chombo upande wa pili, na bima ya nchi za nje, ile inayojulikana kama Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango wa kadi hiyo, kwa hivyo inatumika huko. Tatizo ni kwamba chombo kikiharibika Dodoma, ni chako, na ni lazima ukitoe nchini kabla kibali hakijaisha.

Anayekodi huvuka mpaka kwa basi, begi mgongoni, akachukua chombo chenye namba za Tanzania, akakirudisha, akapanda basi kurudi. Ni rahisi zaidi kwa safari ya wiki mbili. Lakini wazee walisema cha kuazima hakisitiri, na cha kukodi ni ndugu yake. Chombo si chako, karatasi si zako, na likitokea jambo, linalosomwa ni lile ulilotia sahihi.

Msidanganywe na lugha. Kwa kuwa Mtanga na Mmombasa wanasikizana na wameoana, tunadhani Tanzania ni jirani ya mlango wa pili. Ni nchi ya zaidi ya kilomita za mraba 940,000, na Kenya ni kama 580,000. Kutoka Arusha hadi Dodoma peke yake ni kilomita 425 hivi. Ukitazama ramani kwenye simu utaona kidole kimoja tu.

Karatasi za mtu mwenyewe

Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini beba pasipoti. Ndiyo itakayokusajilia laini ya simu, kukuandikisha gesti, na kukutambulisha kwa askari.

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinahesabiwa kuwa cha maisha, kwa hivyo uliyechanjwa zamani usikubali kuchanjwa tena mpakani kwa kuambiwa kimekwisha. Kichunge kisiloe.

Leseni yako iwe na daraja la pikipiki, yaani A. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu ana leseni ya gari ya daraja B, amepanda pikipiki ya rafiki miaka kumi, anajiona dereva. Akiwa nyumbani anapita. Akianguka ugenini, kampuni ya bima itafungua leseni kwanza kabla ya kufungua mfuko. Kama huna daraja A, nenda shule ya udereva ufanye mtihani. Pia chukua leseni ya kimataifa, ambayo hapa Kenya hutolewa na AA. Kwa upande wa Zanzibar ni muhimu zaidi, kwa sababu mgeni asiye nayo hutakiwa atafute kibali cha muda kabla ya kuendesha kisiwani.

Piga picha kila karatasi, uzitie kwenye simu yako, na umtumie mtu mmoja nyumbani.

Mkataba

Sasa niseme ya bangili.

Mara ya kwanza nilikodi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Tanzania. Sitamtaja mwenye duka. Nilifika mchana, nimechoka na basi, na nilikuwa na haraka ya kuondoka. Akanipa karatasi mbili za Kiingereza. Nilikuwa na diploma yangu na miwani yangu, lakini sikusoma, nikatia sahihi. Akaniambia anaweka pasipoti yangu kama amana mpaka nitakaporudi. Nikampa. Nikamuuliza, "Bima ipo?" Akajibu, "Ipo." Nikaridhika na neno hilo moja.

Siku ya tatu, kati ya Kondoa na Dodoma, lori lilinijia likipita lingine. Nikatoka pembeni. Ukingo wa lami ulikuwa juu kuliko udongo kwa kiasi cha shibiri, gurudumu la mbele likashuka, na mimi nikaenda chini pamoja nalo. Mfupa wa muundi ukavunjika. Vijana wa bodaboda walinitoa barabarani. Mama mmoja ambaye hata jina sikumuuliza alivua kanga yake ya pili akaufunga mguu wangu kwa vijiti viwili. Mwenyezi Mungu amlipe.

Hospitali waliuliza kitambulisho. Pasipoti ilikuwa kwenye mtoto wa meza mwa mtu, kilomita mia kadhaa nyuma. Polisi waliuliza pasipoti, nikatoa jibu lile lile. Na ile bima iliyokuwapo ilikuwa ile wanayoiita kule bima ndogo. Bima ndogo humlipa mtu wa tatu, yaani yule utakayemgonga wewe. Haikutibu wewe wala haitengenezi pikipiki. Gharama ya hospitali, ya kunirudisha Nairobi na ya pikipiki, zote zikawa zangu. Karatasi niliyoitia sahihi ilisema hivyo wazi, katika ukurasa wa pili.

Ndugu walichanga kwenye kikundi cha WhatsApp. Haikutosha. Dadangu akauza bangili ya dhahabu aliyopewa na marehemu mama yetu. Pesa nilimrudishia kwa mwaka mmoja na miezi, lakini bangili yenyewe haikupatikana tena.

Kwa hivyo sikilizeni. Kabla ya sahihi, uliza na uone kwa macho mambo haya:

Moja, pikipiki ni ya nani. Kadi ya pikipiki iwe na jina la kampuni au la mwenye duka, na namba ya usajili, ya injini na ya fremu zilingane na chombo kilicho mbele yako. Utembee na nakala ya kadi na mkataba wako kila siku.

Mbili, bima ni ipi. Kule husemwa bima kubwa na bima ndogo. Bima kubwa hugusa chombo chenyewe, na huwa na kiasi ambacho mkodishaji hulipa kwanza kabla ya bima kuingia. Kiulize kiasi hicho na kiandikwe kwenye mkataba. Uhalali wa bima unaweza kuuhakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa namba ya chombo. Fanya hivyo hapo hapo dukani, simu mkononi.

Tatu, amana ni nini. Pesa, ndiyo, na upewe risiti inayosema itarudishwa lini na kwa sharti gani. Pasipoti, hapana. Mtu akisisitiza, mpe nakala. Akikataa nakala, ondoka utafute mwingine.

Nne, mipaka. Mikataba mingi hukukataza kuvuka nchi, kupanda barabara fulani au kumpa mtu mwingine aendeshe. Ukivunja sharti, bima yote huanguka.

Tano, chombo kikifa njiani, nani analipa fundi, na nani anakuja kukichukua. Namba ya simu iandikwe, na uipige mbele yake uone kama inaita.

Bima ya mwili wako

Hata bima kubwa ya pikipiki haikutibu. Kata bima ya safari nyumbani kabla ya kuondoka, na swali la kwanza liwe: "Je, inahusu mtu anayeendesha pikipiki?" Nyingi huitoa pikipiki kwa maandishi madogo, au huweka kikomo cha ukubwa wa injini. Kadi ya SHA usiitegemee ng'ambo ya Namanga. AMREF Flying Doctors, wenye makao uwanja wa ndege wa Wilson, wana uanachama wa kulipia wa kumchukua mgonjwa kwa ndege ndani ya Afrika Mashariki. Mimi safari ya pili sikutoka bila kitu cha namna hiyo.

Kukagua chombo

Kwa uzito wa mtu mmoja na begi, pikipiki ya injini ya 150 inatosha. Inatengenezwa kila kijiji, na vipuri vyake viko hata kwenye duka la sukari. Pikipiki kubwa ya 250 au zaidi ni tamu kwenye lami, lakini tyubu yake ikipasuka sehemu ya mbali utaitafuta hadi mjini.

Kabla ya kuipokea, izunguke polepole ukichukua video, huku ukitaja tarehe kwa sauti. Onyesha kila mkwaruzo. Kisha kagua tairi zote mbili, meno yake na pembeni. Cheni isilegee wala kukaza, na sproketi isiwe na meno makali kama ya papa. Breki ya mbele na ya nyuma. Taa kubwa, taa ya breki, indiketa na honi. Vioo viwili, si kimoja. Oili, uitazame rangi. Waya wa klachi usiwe umechanika nyuzi. Iendeshe dakika kumi, upande mlima na kushuka.

Omba tyubu ya akiba, pampu ndogo, spana za magurudumu, plagi na waya wa klachi. Helmeti beba yako kutoka nyumbani. Ya dukani imevaliwa na vichwa mia, na hujui imeanguka mara ngapi. Beba pia glovu, koti nene na viatu vinavyofunika kifundo. Kandambili ni za kwendea msalani.

Fanya mazoezi nyumbani kwanza

Uzuri wa Gatuanyaga ni kuwa shule iko mlangoni. Tuna barabara ya Thika–Garissa yenye malori na mabasi ya mwendo mkali, na tuna barabara za vumbi za kwenda Munyu na za upande wa Kilimambogo, ambazo mvua ikinyesha hunata kama ugali mbichi. Mpwa wangu nimemtia huko kwa miezi minne, begi la kilo 15 limefungwa nyuma, kwa sababu pikipiki yenye mzigo haigeuki wala haisimami kama isiyo na mzigo.

Nilimfunza mambo matatu ambayo mimi sikuyajua siku ile ya Kondoa. Kwenye vumbi na mchanga, breki ya mbele iguswe kwa upole na kazi kubwa ifanywe na ya nyuma. Ukiingia kwenye mchanga usikaze mikono na usifunge gesi ghafla. Simama kidogo kwenye vikanyagio, tazama mbali, acha chombo kitafute njia. Na ukilazimika kutoka nje ya lami, punguza mwendo kwanza na utoke kwa pembe. Ukishatoka, usijaribu kurudi juu kwa kuuburura ukingo. Ni afadhali usimame kabisa, upumue, kisha urudi.

Asiyeweza kwenda kutoka hapa hadi Maporomoko Kumi na Manne na kurudi, mara kumi, bila ya kuchoka mikono, bado safari ya Tanzania haijamfaa.

Njia niliyoipita

Mpaka wa Namanga ni kama kilomita 165 kutoka Nairobi. Kituo chake cha pamoja kilifunguliwa rasmi Desemba 2018, na unamaliza shughuli za nchi mbili katika jengo moja. Kutoka hapo hadi Arusha ni kilomita 110 hivi. Nililala siku mbili Arusha, moja ya kuchagua pikipiki na moja ya kuijaribu mjini.

Kisha Arusha hadi Babati, kilomita 170. Babati hadi Kondoa, na njiani nikapotoka kwenda Kolo kuona michoro ya mapangoni iliyotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kondoa hadi Dodoma, 160, ambapo nilisimama pale nilipoangukia nikaomba dua. Dodoma nikapumzika na kuswali Ijumaa katika msikiti mkubwa wa Gaddafi. Dodoma hadi Iringa kupitia bwawa la Mtera ni kilomita 260, safari ya kutwa.

Iringa nilikaa siku mbili. Mji uko juu, mita kama 1,600, na Juni na Julai baridi yake si ya watu wa pwani. Kalenga iko karibu, na ndani ya makumbusho yake kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954.

Iringa hadi Morogoro ndiyo kipande cha kuogopa. Unateremka mlima Kitonga, barabara nyembamba, korongo upande mmoja, malori ya Zambia na Kongo yakipanda na kushuka kwa gia ndogo. Usiyapite kwenye kona hata dereva wa lori akikuashiria upite. Shuka kwa gia ya pili au ya tatu, breki zisichemke. Baadaye unapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Pikipiki inaruhusiwa kwenye barabara kuu hiyo tu. Ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi. Pita saa za mchana mweupe, usisimame kupiga picha, na ukimwona tembo kando ya njia, subiri nyuma ya gari kubwa.

Kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 195. Mimi pikipiki niliiacha Morogoro na kwenda Dar kwa basi, nikarudi. Foleni ya Dar kwa mgeni mwenye chombo cha watu haina faida. Kisha Chalinze, Segera, Tanga, ambako nilijiona nimefika nyumbani. Kutoka Tanga nikapita Korogwe, Same na Moshi kurudi Arusha. Mwenye siku zaidi apande Lushoto kutoka Mombo, kilomita 33 za kona.

Msiweke zaidi ya kilomita 250 kwa siku, na siku moja ya kupumzika kwa kila tatu. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Masika ya Machi hadi Mei yaacheni yapite.

Barabarani

Wanapita kushoto kama sisi. Penye nyumba za watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na hapo ndipo askari wa usalama barabarani, wenye sare nyeupe, hukaa na tochi. Tochi ni kile kifaa cha kupima mwendo. Ukiona kibao cha 50, shuka kabisa mpaka uone kibao cha kuondoa. Kwenye vivuko vya miguu, simama mtu akiwa amekanyaga, usimpite kwa nyuma. Kabla ya kijiji kuna rasta na matuta, mengine hayana rangi.

Helmeti ni kwa dereva na abiria. Kubeba abiria wawili, wenyewe wanaita mishikaki, ni kosa. Usivae nguo za rangi ya kijeshi, hata kofia. Ukisimamishwa, zima injini, vua helmeti, salimia. Ukiwa na kosa, omba uandikiwe na ulipe kwa kumbukumbu namba ya malipo kupitia simu au benki, uweke ujumbe wake. Usitoe pesa mkononi. Ni dhambi, ni kosa, na huna risiti ya kumwonyesha askari wa mbele.

Usiku usiendeshe. Hili halina fatwa ya pili. Ng'ombe hawana taa, wala baiskeli za mkaa hazina.

Pesa, simu na mafuta

Shilingi moja ya Kenya ni karibu ishirini za kwao, kwa hivyo bei zitakutisha kwa sifuri zake. Hesabu polepole. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, na ununue kwenye duka la kampuni, si kwa kijana wa mwavuli.

Bei ya mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mji. Pikipiki ya 150 hula lita moja kwa kilomita 40 hadi 45, kwa hivyo mzunguko wangu wote ulikuwa chini ya lita 50. Jaza tangi likifika nusu. Mafuta ya chupa ni ya dharura, na yachuje kwa kitambaa.

Chakula, malazi na swala

Ugenini lugha yetu ya Kenya huonekana kali. Usiseme "nipe maji". Sema "naomba maji". Mkubwa mwamkie shikamoo kabla ya kuuliza njia.

Chakula kipo kila mahali kwa mama ntilie: wali maharage, samaki, chipsi mayai. Lakini mjue kwamba kitimoto ni nyama ya nguruwe. Kibao hakitakuandikia zaidi ya hapo. Sehemu za bara ambako hamna uhakika wa machinjo, kuleni samaki na mayai, au mtafute mkahawa karibu na msikiti. Gesti chagueni yenye ua wa kufunga geti, na pikipiki ilale ndani.

Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala. Katika madhehebu yetu ya Shafi umbali wake ni marhala mbili, ambao hukadiriwa kuwa zaidi ya kilomita 80, na ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, ruhusa hiyo inakatika. Mimi hupanga siku kwa swala: naondoka baada ya Alfajiri kukipambazuka vizuri, nasimama kwa Adhuhuri na Alasiri pamoja, na saa kumi jioni pikipiki iko gesti. Ratiba hiyo imenizuia kuendesha nikiwa nimechoka.

Kabla ya kutoka, andika madeni yako na wasia, uyaache kwa mtu mwaminifu.

Ukianguka

Zima injini. Usivue helmeti ya aliyeumia kama anapumua vizuri. Waombe watu wasimamishe magari pande zote mbili na waweke matawi barabarani. Namba ya dharura ni 112. Mguu au mkono uliovunjika ufungwe kwenye kijiti bila kunyooshwa kwa nguvu. Piga picha za chombo na barabara. Toa taarifa polisi siku hiyo hiyo, hata kama hakuna mwingine aliyehusika, na uchukue karatasi ya taarifa hiyo, kwa sababu bima yoyote itaiuliza. Kisha mpigie mwenye pikipiki. Usikubali kutia sahihi kitu kingine chochote ukiwa kitandani.

Nilimsomea dadangu haya yote kwa simu kabla ya kuyaleta kwa mhariri. Alisikiliza hadi mwisho, na kuna mahali alilia kidogo, pale pa kanga. Kisha akaniuliza kama mtoto ana leseni ya daraja A. Nikamwambia aliipata mwezi wa pili. Akauliza masika yanakwisha lini.

Amekubali kwa sharti moja. Siku mtoto atakapokuwa dukani Arusha, kabla ya kushika kalamu, ampigie mamake na amsomee mkataba wote neno kwa neno, ukurasa wa kwanza na wa pili. Kama ni wa Kiingereza, amfasirie. Mpwa wangu amesema ni aibu, mwenye duka atamcheka. Nimemwambia acheke.